Sifa za Lugha Isiyo na Jirani

Lugha ya kigeni, yaani lugha ambayo mwanafunzi hakuikuta nyumbani wala sokoni, ina fadhila moja kuu inayowafanya wazazi wa Kashai, mkoani Kagera, kumchagulia kijana wao wa kidato cha kwanza kwa moyo mkunjufu: hakuna mtaani atakayeijua kiasi cha kumkosoa. Kwa kigezo hicho Kichina hushinda bila jasho, kwani Beijing iko mbali vya kutosha, ilhali Kifaransa kina dosari ya kutumiwa Burundi, nchi inayopakana na mkoa huo, ambako kijana angeweza, Mungu apishe mbali, kupata mtu wa kuongea naye. Kumuuliza kijana mwenyewe kungefanana na kuuliza mkungu wa ndizi iwapo unapenda kupikwa au kukamuliwa lubisi, ile pombe ya ndizi ya Wahaya.

Isitoshe, kijana huyo tayari anafundishwa fizikia na jiografia kwa Kiingereza, lugha ambayo nyumbani haihesabiwi kuwa ngeni, maana imeandikwa kwenye jalada la daftari. Bibi anapofika kutoka Muleba na kifurushi cha senene, akamsalimu mjukuu kwa Kihaya, mjukuu hutabasamu kwa adabu zote, kisha humgeukia mama yake na kusubiri tafsiri, kama afanyavyo balozi yeyote mwenye heshima zake.

Kihaya, kwa bahati mbaya, hakimo katika orodha ya lugha za kigeni zinazochaguliwa shuleni.