Namna ya Kupeleka Posa kwa Prosesa ya Mbali

Umekaa Njinjo, kwenye njia ya Nangurukuru kwenda Liwale, laptopu yako inachajiwa kwa sola. Mezani ipo Raspberry Pi ya kwanza, ya mwaka 2012, yenye kasi ya megahezi 700. Ukisema ukompaili programu kubwa humo humo, jua litazama kazi haijaisha. Unahitaji kompaila mtambuka: inaishi kwenye prosesa ya Intel lakini inaandika lugha ya ARM. Huyo ni mshenga, na mshenga haendi ukweni kabla ya kujua mila za huko.

1. Ulizia ukoo kwanza. Washa kifaa chenyewe usome faili la /proc/cpuinfo. Pi hiyo ina prosesa ya ARM1176JZF-S, ukoo wa ARMv6, pamoja na kikokotoo cha desimali cha VFPv2. Usiamini jina la kwenye boksi. Mwaka 2015 Raspberry Pi 2 ilitoka na ukoo wa ARMv7, na mwaka huo huo Raspberry Pi Zero ikatoka na ARM1176 ile ile ya zamani. Jina moja, mila mbili.

2. Mpe mshenga maagizo kabla hajatoka nyumbani. Unaposanidi kompaila ya GCC, baada ya --target=arm-linux-gnueabihf, ongeza --with-arch=armv6 --with-fpu=vfp --with-float=hard. Hapo mila zinakuwa tabia yake: hata ukisahau kumkumbusha, atazifuata. Mshenga wa kuazima kutoka mfumo wa Debian ana jina hilo hilo la gnueabihf, lakini amelelewa kwa ARMv7. Ukimwongezea -march=armv6 dakika za mwisho, maktaba alizokuja nazo bado zitasema ARMv7, na Pi itajibu "Illegal instruction" na kufunga mlango.

3. Kubalianeni kuhusu desimali. Kwa --with-float=soft, prosesa haitumii kikokotoo. Hesabu zote za desimali hufanywa kwa programu, polepole. Kwa softfp, kikokotoo kinatumika, ila namba hupitishwa kwenye rejista za namba nzima. Kwa hard, namba huingia moja kwa moja kwenye rejista za kikokotoo. Soft na softfp hukaa nyumba moja. Hard hakai nao: maktaba ya C, kompaila na programu zako zote ziwe za hard, au zisiwepo kabisa.

4. Usivutie kwako. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na neno native baada ya -march= ndilo kamba yenyewe: maana yake ni "kama mashine hii niliyomo". Safari ni ya ukweni, kwa hiyo taja ukoo wa huko kwa jina lake kamili.

5. Mkumbuke ndugu mnyonge. Kama shule ina vifaa vitano na kimoja ni cha ARMv6, jenga kwa ARMv6. Vya ARMv7 vitaielewa lugha ya wazee wao. Debian ya armhf ilidai ARMv7, ikaiacha Pi nje. Mwaka 2012 Mike Thompson na Peter Green wakakompaili upya maelfu ya vifurushi kwa ARMv6, ikazaliwa Raspbian. Walibadilisha mipangilio ya kompaila, na kwa kazi hiyo mashine ndogo ikapata mfumo unaoitumia ilivyo. Kwetu pia mashine haitupwi kwa kuwa imezeeka.

6. Soma barua kabla haijatumwa. Endesha readelf -A juu ya programu uliyoijenga. Tag_CPU_arch iseme v6, na Tag_ABI_VFP_args iseme VFP registers. Kagua na maktaba zake, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa hapa ni kuanza kujenga upya tangu binutils, zana za msingi za kompaila, na betri ya sola inakwisha.

Ukiiona v6 kila mahali, nakili kila kitu kwenye kadi ya kumbukumbu, uichomeke kwenye Pi, uwashe. Posa itapokelewa.