Uwanja, si Kiwanja

Mpwa wangu amekuja kunitembelea kutoka Mombasa na, kwa bahati mbaya, amesoma. Mpwa wa jirani yangu alipokuja alitaka nyama choma na kulala. Huyu wangu hata begi hajalitua vizuri, ananiuliza, "Mjomba, Rejaf ni mbali?"

Rejaf si mbali. Ni kilomita kumi na kitu kusini ya Juba, kando ya Mto Nile. Lakini ilikuwa Februari, na asiyewahi kukaa Juba mwezi wa Februari asinifundishe habari za jua. Jua la hapa lilifunga shule za nchi nzima Machi 2024, na mwaka uliofuata likazifunga tena baada ya wanafunzi kuzirai. Watoto wanaambiwa wakae kivulini, na mimi mtu mzima mwenye presha natakiwa niende kutazama mahali watu walipopigana mwaka 1897.

"Tarehe 17 Februari, mjomba. Tutafika siku yenyewe!"

Hapo ndipo aliponimaliza.

Pale soko la Custom nikamwita kijana wa boda. Ni kijana wa hapahapa, Kiswahili chake cha sokoni: bei anazijua, salamu anazijua, yaliyobaki anakisia. Nikamwambia atupeleke Rejaf, kwenye uwanja wa vita. Neno "vita" nililisema kwa sauti ya chini, maana Juba si mji wa kusimama barabarani ukaulizia vita. Kwanza utaulizwa, vita vipi?

"Uwanja, najua," akasema. Tukapanda mshikaki, mimi katikati, juu ya kiti kilichoshinda juani mpaka kikawa kama chuma cha chapati.

Njiani mpwa ananipigia kelele sikioni, historia na vumbi vinaniingia pamoja. Eti mwaka 1894 Waingereza walimpangisha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji upande huu wa mto, ukaitwa Lado, akae nao mpaka afe. Nikageuza shingo. Mpaka afe? Mimi mwenye nyumba wangu anataka kodi ya miezi mitatu mbele, kwa dola, na noti ikiwa na mkunjo pembeni ananirudishia.

Tena huo mkataba unaandikwa, ndani ya nyumba wamo watu wengine: Wamahdi, wafuasi wa Mahdi wa Sudan, ambao makao yao makuu ni Omdurman huko mto unakoteremkia, na ngome yao iko Rejaf. Waingereza wanapangisha nyumba ambayo hata ufunguo wake hawana! Na Wabari, ambao mlima wa Rejaf ni wao na mto ni wao, hakuna aliyewapigia hodi.

Basi mpangaji akatuma watu wa kumtolea waliokaa. Kikosi kikubwa, cha kamanda wake Dhanis, hakikufika. Askari wake, wengi wao Watetela, walichoka na msitu na mijeledi, wakaasi njiani. Niliwaelewa sana, maana mimi mwenyewe nilitaka kuasi tangu tulipoiacha lami. Kilichofika ni kile kidogo cha kamanda mwingine, Chaltin, pamoja na Wazande wa machifu Renzi na Bafuka, kikawang'oa Wamahdi Rejaf. Leopold akafa Desemba 1909, mwaka 1910 Lado ikarudi Sudan. Roho zote zile kwa kukaa Rejaf miaka 13.

Tukauona mlima. Umesimama peke yake kwenye tambarare, umechongoka kama kawa lililofunikiwa sinia. Mpwa akataka tuufuate. Kijana wa boda akakata kona upande mwingine kabisa, akaenda kusimama chini ya mwarobaini. Hapo alikuwapo bwana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi na faili la plastiki kwapani. Nyuma yake kulikuwa na vijiti vimechomekwa ardhini, kila kimoja kimefungwa kipande cha mfuko mwekundu.

"Karibuni," akasema. "Mnataka ngapi kwa ngapi?"

Nikamtazama kijana wa boda. Akanionyesha vijiti kwa fahari. "Uwanja."

Simlaumu. Mwaka 1928, hapahapa Rejaf, ulifanyika mkutano wa lugha. Kibari, Kidinka, Kinuer, Kizande na nyingine kadhaa zikapewa nafasi shuleni, Kiswahili kikaachwa mlangoni. Karibu miaka mia baadaye nalipia mimi, na nauli ya kusubiri juu.

Mpwa naye hakati tamaa. Akamwuliza yule bwana Wamahdi walikuwa wamekaa upande gani.

Uso wa bwana ukabadilika. Akafungua faili haraka. "Wamahdi? Hao hawana kiwanja hapa. Hapa hakuna mgogoro. Mwenyewe yupo."

"Na Wabelgiji?"

"Nao pia hawamo. Nani amewaambia?"

Mpwa akaachana naye, akashika njia ya mlimani na simu mkononi. Nikamkemea airudishe mfukoni, hapa picha hazipigwi ovyo. Nikabaki mimi na bwana wa faili. Kivuli cha mwarobaini kilikuwa kizito, na kaupepo ka mtoni kalikuwa kananipenya shingoni. Kodi yangu inaisha wiki ijayo.

Nikamwuliza bei. Kuuliza tu. Akanitajia. Nikamwuliza kama anapokea kidogo kidogo.

"Napokea," akasema. "Ila dola. Zisiwe na mkunjo."