Mwongozo wa Kumwamsha Mzee Postgres Aliyegoma Kuamka

Ni asubuhi ya tarehe mosi. Wanachama wa chama cha kuweka na kukopa wamepanga foleni mpaka nje, keshia anabonyeza na kubonyeza, na hifadhidata ya PostgreSQL haiwaki. Simu yako haipumziki. Pole sana. Mzee huyu, aliyezaliwa kama mradi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, hagomi bila sababu, na sababu yake huiandika. Mwamshe hivi.

1. Mpe bosi kazi. La sivyo atasimama nyuma ya kiti chako akiuliza "Bado?" kila dakika. Mwambie kwa adabu: "Mama, wewe shika foleni, mimi nishike seva. Kila nusu saa nitakuletea habari." Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

2. Msikilize mgonjwa. Kuzima na kuwasha mara ya kumi ni kumtingisha mtu mwenye homa. Fungua logi, kwenye Debian na Ubuntu iko /var/log/postgresql. Na ukiuliza kwa systemctl status postgresql ukajibiwa "active (exited)", usishangilie: hiyo ni huduma ya mwavuli tu, husema hivyo hata mzee akiwa amelala fofofo. Amri ya pg_lsclusters ndiyo isemayo kweli. Ndani ya logi tafuta neno FATAL. Pengine utakuta hivi:

could not write lock file "postmaster.pid": No space left on device

Yaani diski imejaa, mzee hana hata pa kuandika jina lake mlangoni.

3. Fagia uwanja, usibomoe msingi. Thibitisha kwa df -h, kisha df -i, maana diski huweza kuwa na nafasi lakini ikaishiwa idadi ya faili. Futa logi kuukuu zilizobanwa, hamisha mafaili yasiyomhusu mzee, au ongeza diski. Folda ya pg_wal usiiguse, hata ikinenepa vipi. Humo ndimo mzee anamoandika kila badiliko kabla ya kulitia kwenye majedwali, na ndimo anamosoma ili ajinyanyue baada ya kuanguka. Zamani iliitwa pg_xlog. Watu wakadhani ni logi za kawaida, wakafuta, wakalia. Ndiyo maana ilibadilishwa jina katika toleo la 10, mwaka 2017. Ikiwa yenyewe ndiyo iliyojaza diski, mwamshe mzee kwanza, kisha umtafute anayeizuia isipungue: mara nyingi ni seva pacha iliyokufa huku nafasi yake (replication slot) ikiendelea kutunzwa, au amri ya kuhifadhi (archive_command) inayoshindwa kila mara.

4. Ulizia kitanda na ufunguo. Logi ikisema anwani tayari inatumika, kuna mwingine aliyelala kwenye poti ya 5432. Mtafute kwa ss -ltnp. Ikilalamikia ruhusa, kuna aliyepita na chmod. Folda ya data iwe mali ya mtumiaji postgres, kwa ruhusa ya 0700 au 0750; mzee hakubali chumba chake kiwe wazi kwa kila mpita njia. Faili la postmaster.pid nalo usilifute mpaka uhakikishe hakuna mchakato wa postgres unaoishi. Wazee wawili katika folda moja huvuruga data yote.

5. Kabla ya upasuaji, nakili. Ikiwa data yenyewe imeharibika, nakili folda nzima mahali pengine kwanza. Chombo kiitwacho pg_resetwal ni kisu cha mwisho: humwamsha mzee kwa kumsahaulisha, na alichosahau hakirudi.

6. Ukichoka, mwachie mwenzio. Usiku wa 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab aliyekuwa akihangaika kurekebisha seva pacha alifuta folda ya data kwenye seva kuu, akidhani yuko kwenye ile nyingine. Katika GB 300 hivi, zikabaki 4.5. Njia zao za kuhifadhi nakala, mojamoja, zikawaangusha. Ile ya pg_dump ilikuwa ikishindwa kimyakimya kwa kuwa toleo lake halikulingana na la hifadhidata. Kilichowaokoa ni nakala ya diski ambayo mtu aliichukua kwa mkono takriban saa 6 kabla. Kampuni ilisimulia yote hadharani, na wahandisi wa dunia nzima wamejifunza kwayo.

Mzee akishaamka na foleni ikisogea, usiende kulala bado. Chukua nakala rudufu ya jana, irejeshe kwenye mashine nyingine, na uhesabu kama wanachama wote wamo. Wale waliopanga foleni wameweka akiba ya ada za watoto wao mikononi mwako. Nakala ambayo hujawahi kuirejesha usiiite akiba.