Tabibu wa Sebuleni

Samaki wa tangini akianza kulala ubavu, mwenye nyumba hukimbilia dukani kabla hajayatazama maji. Chupa ya buluu, chupa ya njano, na kidonge cha antibiotiki kilichobaki mtoto alipougua. Vyote humiminwa humo, na mgonjwa hutarajiwa kushukuru. Kumbe mara nyingi kinachoumwa ni maji. Kinyesi na mabaki ya chakula huzalisha amonia, na bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, huhitaji wiki kadhaa kuenea katika tangi jipya. Msafi kupindukia huwasuuza bakteria hao kichujioni kwa maji ya bomba yenye klorini, halafu hushangaa samaki wakihema juujuu. Tiba hapo ni kubadili robo ya maji, klorini ikiwa imeondolewa, na kupumzisha ulishaji siku mbili. Shida ni kwamba tiba hiyo haiuzwi kwenye chupa.

Madoa meupe mithili ya chembe za chumvi ni kesi nyingine. Huyo ni kimelea Ichthyophthirius multifiliis, jina refu kuliko mgonjwa mwenyewe. Akiwa ndani ya ngozi ya samaki, dawa haimgusi. Hufa anapoogelea huru kutafuta samaki mwingine. Siku chache baadaye madoa hutoweka, kwa kuwa kimelea amedondoka chini kuzaliana, na ndipo tabibu wa sebuleni hutangaza ushindi. Dawa huendelezwa siku kadhaa baada ya doa la mwisho, na mkaa wa kichujio hutolewa kwanza, la sivyo hunywa dozi yote kabla ya mgonjwa.