Hotuba ya Mjuzi juu ya Funksheni Ndogondogo

Waheshimiwa hadhirina, baada ya kumhimidi Mola aliyewajaalia nyinyi masikio na mimi akanijaalia ulimi, natangaza kwamba nimekuja kuwafunulia elimu iliyowashinda wengi, nayo ni elimu ya funksheni ndogondogo, zile ambazo mwandishi wa programu huzikopa kwa watu asiowajua ili asiudhike kuandika mstari mmoja kwa mkono wake.

Natuanze na mas'ala mazito: vipi mtu atambue kama namba ni shufwa au witiri? Majahili huigawa kwa mbili wakatazama baki. Sisi maulamaa wa lugha ya programu iitwayo JavaScript hatujishushi kiasi hicho. Sisi humtuma mjumbe wa kukopwa, kifurushi kiitwacho is-even. Naye, kwa adabu iliyotukuka, hajibu lolote kwa rai yake, bali humwendea is-odd kumwuliza kama namba ile ni witiri, kisha akaligeuza jawabu. Na is-odd naye, kabla hajafumbua kinywa, hubisha hodi kwa is-number ili athibitishiwe kwamba kilicholetwa mbele yake ni namba kweli.

Wapo mahasidi watakaowatajia kisa cha left-pad, kifurushi cha mistari 11 ambacho kazi yake yote ilikuwa kujaza nafasi au sifuri kushoto kwa maandishi hadi yatimize urefu uliotakiwa. Mwezi wa Machi 2016 mwenyewe, kwa hasira ya ugomvi juu ya jina la kifurushi chake kingine, alikiondoa katika npm, ghala tunamokopa vifurushi hivi, na papo hapo programu zilizokitegemea, nyingi zao pasipo wenyewe kujua, zikakataa kujengeka huku na huko duniani, mpaka wenye ghala walipokirudisha baada ya saa mbili hivi. Wanasema hiyo ni aibu yetu. Hasha! Nitajieni mwanachuoni mwingine ambaye mistari yake 11 ikikosekana, mafundi wa mabara yote hushika vichwa.

Kilichonisikitisha ni kwamba mwaka 2017 JavaScript yenyewe ilitiwa padStart, ifanyayo kazi ile ile bila kukopa kwa yeyote, na wajuzi wa kujaza sifuri hawakuombwa hata radhi.

Namwona kijana ameinua mkono. Auliza kama mtu hawezi kujiandikia mambo haya kwa dakika tano. Aweza, mwanangu, na ndiyo sababu yahitajika hotuba ndefu namna hii kumzuia.