Futuhi Tano za Waingereza kwenye Mizani ya Funzi

Kanuni ni moja na haina rufaa. Futuhi ya Kiingereza huishi kwa mlango uliofungwa na mgeni asiyejulikana. Hapa kwetu kisiwani Funzi mchana kutwa mlango ni pazia, na mgeni hujulikana hajashuka botini. Basi filamu itakayochekesha hata hapa ndiyo bingwa. Tunahesabu kuteremka, na ubishi ruksa.

5. Run for Your Wife, 2012
Dereva wa teksi ana wake wawili London, hawajuani. Tamthilia ya Ray Cooney ilianza kutamba London 1983, ikadumu miaka; filamu yake wikendi ya kwanza ikaingiza pauni 602. Sijasahau sifuri! Huku kwetu wake wawili si kioja. Kioja ni kuwaficha, maana wangekutana harusini au msibani kabla ya Ijumaa. Dakika ya nne, mwisho.

4. No Sex Please, We're British, 1973
Mzigo unakosewa njia, zinaletwa picha za aibu. Jina lenyewe halitamkiki mbele ya mkwe. Tupite.

3. See How They Run, 1955
Mapadri wa kweli na wa bandia wanafukuzana, kola imemtosha kila mtu. Weka kanzu na kofia mahali pa kola, mambo ni yale yale. Ila huyo wa bandia mwambie aongoze dua ya maiti, tuone atakimbilia mkoko gani.

2. A Cuckoo in the Nest, 1933
Hapa nakaa kitako. Ben Travers aliipeleka jukwaa la Aldwych, London, 1925, kisha Tom Walls akaongoza filamu na kuicheza pamoja na Ralph Lynn. Mume wa mtu na mke wa mtu wanaachwa na treni. Usiku unawakuta kwenye nyumba ya wageni yenye chumba kimoja, wanajiita mke na mume. Ondoa treni, weka boti ya kutoka kijiji cha Bodo, ng'ambo: maji yamekupwa, giza limeingia, na kabla hawajaulizia chumba simu imeshafika Msambweni. Wapo wanaolalamika kwamba kamera imeduwaa kama mtazamaji wa ukumbini. Iacheni iduwae! Futuhi hunoga ukiona milango yote kwa pamoja, ujue nani yuko nyuma ya upi.

1. Charley's Aunt, 1941
Jack Benny ndani ya gauni. Brandon Thomas aliianzisha kama tamthilia Bury St Edmunds 1892, na huko London ikachezwa mara 1,466. Sydney Chaplin, kaka yake Charlie, alilivaa gauni hilo filamuni 1925, na Wamarathi wa India wana shangazi wao katika tamthilia ya Moruchi Mavshi. Wanafunzi wa Oxford hawawezi kukaa na wasichana bila mtu mzima, basi mwenzao anavishwa ushangazi. Mzungu wa leo lazima aelezwe kwa nini shangazi anahitajika. Funzi nani wa kumweleza nani? Kicheko kinaanza pazia likifunguka.

Utaniambia shangazi bandia angefumuliwa gatini kwa swali moja tu, "Wewe wa kwa nani?" Sawa. Lakini shangazi wa Charley anatoka Brazili, na tajiri. Haya, nitajie mtu Funzi wa kuikana jamaa hiyo.