Betri Ndiyo Mbovu, Asema Shemeji

Hakuna kitu kinachosingiziwa katika nchi hii kama betri. Pikipiki haiwaki: betri. Redio inakoroma: betri. Gari limesimama katikati ya barabara kwa sababu tangi limekauka, dereva anafungua boneti na kuitazama betri kama hakimu anayemtazama mwizi wa kuku. Wa kuitetea hayupo. Nami nisingejitwika kazi hiyo kama shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu mkubwa, asingenunua trekta ya cheni.

Yeye anaiita katapila, lakini ni Fordson Major ya dizeli ya miaka ya 1950, ambayo County, kampuni ya mji wa Fleet kule Uingereza, iliivua matairi ya nyuma na ya mbele ikaivalisha cheni ili isizame kwenye matope. Ilikuwa imelala nyuma ya karakana ya shamba moja la mkonge upande wa Korogwe, majani yameipanda mpaka kitini. Shemeji aliinunua kwa bei ya chuma chakavu. Ilipofika kwake Muheza juu ya lori, tayari ilikuwa imepata ukoo: eti ni mabaki ya mradi wa karanga wa Kongwa.

Kila mwenye trekta kuukuu nchini husema hivyo. Mradi ule ulianza 1947. Waingereza wakasomba matrekta mpaka kwenye mabaki ya vita kule Ufilipino, wakageuza hata vifaru vya Sherman kuwa matrekta, na mwanzoni mwa 1951 wakafunga kazi, karanga zenyewe hazikuonekana za maana. Fordson ya namna hii ilikuja kuuzwa mradi ukiwa umeshazikwa. Nilimweleza shemeji. Akanijibu kwamba tatizo langu ninasoma sana.

Kitu cha kwanza alichonunua ni rangi. County walizipaka zao bluu, lakini kwa shemeji katapila lazima iwe njano. Akapaka boneti, akapaka injini, akapaka kila bolti na kila kishikizo, mbwa alinusurika kwa mbio zake. Kitu cha pili akanunua betri mpya ya volti 12, kubwa, ya bei ambayo dada ametajiwa nusu yake tu.

Sasa, injini ya dizeli ya zamani kama hii haina makuu. Haina plagi wala koili. Hewa inabanwa kwenye silinda mpaka inakuwa ya moto, dizeli inapulizwa humo, inajiwakia. Ikishanguruma haiuhitaji umeme hata chembe. Kelele zote hizi za waya ni za zile sekunde chache za kuizungusha. Lakini sekunde zenyewe si za mchezo: stata ya injini kama hii huvuta ampea 300 na zaidi. Zidisha kwa volti 12, unapata wati 3,600, yaani pasi tatu za umeme zimewashwa kwa mpigo. Na kuisukuma huwezi. Watoto wa jirani walijitolea, Mungu awabariki, wakasukuma mpaka wakaona njaa. Chuma cha tani kadhaa kilichokaa juu ya cheni hakina habari na watoto.

Ndipo akaletwa fundi, kijana anayefunga redio na taa kwenye bodaboda. Sina neno na bodaboda. Alikuja na rola ya waya wa nyumbani, ule wa soketi, wa milimita 2.5 za mraba, wote mwekundu kwa sababu dukani hapakuwa na rangi nyingine. Ukawekwa mwekundu wa kwenda, mwekundu wa kurudi, mwekundu wa taa, mwekundu wa honi ambayo trekta haina. Nikauliza tutautambuaje. Akasema, "Anko, mimi nimeuweka kichwani."

Mwekundu mmojawapo aliupitisha kwenye swichi ya ufunguo, ukatoka hapo ukaenda moja kwa moja kwenye stata. Umeme wote wa pasi tatu upite kwenye kiswichi cha ukubwa wa kifuniko cha soda! Shemeji alipogeuza ufunguo, moshi ulitoka kwa utaratibu, kwanza mweupe, halafu mweusi, halafu plastiki ikaanza kudondoka. Ufunguo ulinasa humo na bado umo.

"Anko, hii swichi ni feki," akasema kijana.

"Na betri nayo," akadakia shemeji, "siiamini."

Betri, masikini, ilikuwa imefanya kazi yake kwa uaminifu mpaka ikayeyusha swichi. Ingekuwa mbovu tusingeuona moshi.

Tukanunua solenoidi, ambayo kazi yake ni hiyo hiyo ya kuokoa ufunguo: umeme mdogo unakwenda kuivuta, nayo inafunga njia ya umeme mkubwa. Na badala ya waya wa soketi tukanunua waya wa mashine ya kuchomelea, milimita 70 za mraba, mnene kama kidole gumba. Muuza duka akaniuliza tunafungua karakana. Nikasema hapana, ni shemeji.

Hapo kijana akagundua jambo lililomsikitisha. Mabaki ya waya wa zamani yalionyesha kwamba upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. "Huyu aliyeifunga alikuwa amelewa," akasema, akaigeuza. Kumbe kwa Waingereza wa enzi hizo ndiyo ilikuwa kawaida, chanya kwenye bodi, na matrekta yao mengi yalitoka kiwandani hivyo. Huwezi kumlaumu kijana; baba yake mwenyewe alikuwa hajazaliwa. Ila ukiipachika altaneta ya kisasa kwenye mpango huo bila kuuliza, inaungua kabla hujafunga boneti.

Akaitwa mzee mmoja, mstaafu wa karakana za mkonge, ambaye kwa umri wake na hiyo Fordson wangeweza kuitana somo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani kapaka rangi hii?"

Hakusubiri jibu. Akatueleza kwamba stata yenyewe haijali betri imegeuzwa au la, kwa sababu umeme ule ule unapita kwenye koili za nje na za ndani. Ukiugeuza, zote zinageuka pamoja na stata inazunguka upande wake ule ule. Anayejali ni dainamo, ambayo ukiibadilishia pande lazima uilambishe umeme kidogo kutoka kwenye betri ili ikumbuke mwelekeo mpya. Dainamo yetu ilikuwa hata haijaungwa. Mzee akairudisha chanya kwenye bodi, akasema watu wa zamani hawakuwa wajinga, akampa shemeji ishara.

*Ka!* Solenoidi ikagonga. Kimya.

"Betri," akasema shemeji, na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaazima ya lori la jirani. *Ka!* Kimya. Sasa betri mbovu zikawa mbili.

Mzee akatoa mita yake ya kupimia, kioo kimepasuka, akagusisha ncha moja kwenye nguzo ya chanya ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, akasema tujaribu tena. Hapo, stata ikiwa inavuta, hapatakiwi kuonekana zaidi ya nusu volti. Sindano ikapanda ikapita sita. Nusu ya betri ilikuwa inapotelea njiani, kabla ya kufika popote. Na si ajabu: kwa ampea 300, ukinzani wa ohmu 0.01 tu, ambao hata mita nyingi za mtaani haziuoni, unameza volti tatu.

Akafungua bolti ya waya wa bodi. Chini yake kulikuwa na njano, na chini ya njano kulikuwa na njano nyingine. Shemeji alikuwa amefunga waya mnene kama kidole gumba juu ya rangi ya mafuta.

Mzee aliomba msasa wa bei ya pipi. Akasugua mpaka chuma kikang'aa, akapaka grisi, akakaza. Akabonyeza kitufe cha pampu kinachoongeza dizeli wakati wa kuwasha. Stata ikazunguka kwa hasira ya miaka, injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi na kiota cha ndege, ikakamata.

Kuku walihama. Majirani walijaa uani. Kijana, kwa madaha, akabonyeza swichi ya kuzima. Injini ikaendelea. Akachomoa waya wa solenoidi. Ikaendelea. Akafungua temino za betri, zote mbili, akaziinua juu kila mtu azione, injini ikaendelea kunguruma vile vile, huku mzee akiinama kwenye pampu kutafuta kamba ya kuzimia, ambayo nayo ilikuwa imegandishwa na rangi.

Shemeji akapanda juu ya cheni, akawageukia majirani, akanyoosha kidole.

"Mnaiona betri hiyo?" akapiga kelele. "Imeshachomolewa na bado inafanya kazi!"